Ida B. Wells na Maandamano ya 1913

Machi 3, 1913, siku moja kabla ya Woodrow Wilson kuapishwa kuwa rais wa Marekani, maelfu ya wanawake waliandamana jijini Washington wakidai haki ya kupiga kura. Miongoni mwao alikuwemo Ida B. Wells, mwandishi wa habari aliyezaliwa utumwani Mississippi mwaka 1862, akajulikana kwa kufichua mauaji ya Weusi mikononi mwa makundi ya Wazungu. Alitoka Chicago, jimboni Illinois, ambako wiki chache nyuma alikuwa ameshiriki kuanzisha Alpha Suffrage Club, chama cha wanawake Weusi.

Waandalizi, wakihofia kuwaudhi Wazungu wa Kusini, walitaka wanawake Weusi watembee nyuma kabisa. Wells alikataa. Msafara wa Illinois ulipoondoka hakuonekana. Kumbe alikuwa kando ya barabara, kati ya watazamaji. Wenzake walipofika, aliingia mstarini katikati ya Wazungu wawili waliomuunga mkono, Belle Squire na Virginia Brooks, akaendelea nao.

Juni mwaka huohuo Illinois iliwaruhusu wanawake kumpigia kura rais na viongozi wa miji. Chama cha Wells kilipita nyumba kwa nyumba kuandikisha wapiga kura, na mwaka 1915 Oscar De Priest akawa diwani wa kwanza Mweusi wa Chicago. Kusini mambo yalikuwa mengine: hata baada ya Marekebisho ya 19 ya Katiba kuwapa wanawake haki ya kupiga kura mwaka 1920, kodi ya kura, mitihani ya kusoma na vitisho viliwazuia Weusi wengi hadi Sheria ya Haki za Kupiga Kura ya 1965.