Neno Huntha na Mabishano juu ya Tiba ya Watoto

Mtoto azaliwapo Matai, makao makuu ya wilaya ya Kalambo katika Ufipa, lugha mbili zimlakizo hazimwulizi jinsia yake. Kifipa na Kiswahili hupanga majina kwa ngeli, wala si kwa uume na uke. "Mtoto analia" ni kauli timamu kwa mtoto yeyote. Aulizaye ni daftari la vizazi, ambalo sheria yake iliwekwa Tanganyika mwaka 1920. Daftari hilo lataka jibu moja kati ya mawili, nalo lalitaka mapema.

Hata hivyo Kiswahili hakikukosa neno la shaka. Katika pwani, wanazuoni wa madhehebu ya Kishafii walipokea kutoka Kiarabu neno huntha, yaani mtu ambaye maungo yake ya uzazi hayabainishi kuwa ni mume au mke. Yafaa litengwe na hanithi, ijapokuwa yote mawili yatoka katika shina moja: hanithi ni lawama, huntha ni istilahi ya maumbile. Mara nyingi huchanganywa, na mchanganyiko huo humdhuru mtoto asiyetenda lolote. Katika mlango wa mirathi, huntha ambaye hali yake haijabainika hupewa fungu lililo yakini; lililobaki huwekwa, mpaka dalili za kubaleghe au kauli yake mwenyewe iondoe utata. Wanazuoni hao hawakuwa wapole kuliko watu wengine. Walikuwa wakigawa mali. Lakini hesabu yao iliiacha shaka ikae miaka mingi pasipo mtu kushika kisu.

Mafundisho ya haraka yalienea katika karne ya 20. Kuanzia mwaka 1955 John Money na wenzake, huko Baltimore, walisema kwamba mtoto atakubali jinsia aliyolelewa nayo, ilimradi iamuliwe mapema. Nao wapasuaji wa nchi nyingi wakafuata. David Reimer wa Kanada hakuwa huntha. Aliharibiwa uume katika tohara mwaka 1966, akalelewa kama msichana kwa shauri la Money, naye akaikataa hali hiyo alipokuwa kijana. Habari zake zilipojulikana mwaka 1997, mafundisho yale yalitikisika.

Shauri lililo karibu zaidi ni la Kenya. Mwaka 2009 mtoto alizaliwa katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, na penye jinsia pakaandikwa alama ya kuuliza. Mama yake alikwenda mahakamani, na mnamo Desemba 2014 Jaji Isaac Lenaola aliiagiza serikali ishughulikie miongozo ya upasuaji wa watoto wa namna hiyo. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilipata huntha 1,524 Kenya nzima, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 ikawataja waziwazi.

Mabishano yaliyochemka Ulaya na Marekani yahusu watoto wengine: wale ambao maungo yao hayana utata, bali nafsi zao hazikubaliani nayo. Huduma yao ya London, iliyokuja kujulikana kwa jina la Tavistock, ilianza mwaka 1989, ikafungwa mwaka 2024. Mwaka huo huo ripoti ya Hilary Cass ilisema kwamba ushahidi wa dawa za kuchelewesha balehe ni dhaifu. Vyama vikubwa vya madaktari wa Marekani viliendelea kuitetea tiba hiyo. Ajabu ni kwamba pande zote mbili zadai kusubiri. Watetezi husema dawa humpatia mtoto muda wa kufikiri. Wapinzani husema kuizuia balehe ni kuamua tayari. Fikihi haiwezi kuwa hakimu hapa, maana yenyewe iliingoja balehe ije kutoa ushahidi.

Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 humpa mtoto awezaye kutoa maoni haki ya kusikilizwa katika mambo yamhusuyo. Kisu kimtanguliapo mtoto kabla hajajua kusema, haki hiyo haina la kusikiliza. Magazeti nayo huandika "mwenye jinsia mbili", jina lisilo sahihi, kwa kuwa wengi wao hawana mbili zilizo kamili; huntha, ambalo halihesabu kitu, lingali katika kamusi.