Kijiko cha Sukari na Siasa ya Chupa

Ukikaa baa ukafungua bia, unausikia ule mlio: psss! Halafu povu linapanda. Vijana wengi wa mjini tunadhani huo ndio ustaarabu wa pombe, na kwamba kinachonywewa kwenye kata huko kijijini ni mambo ya kishamba. Mimi sikubali. Hebu tuuchunguze mlio huo, maana ndani yake mna historia, tena mna siasa.

Kwanza, unatoka wapi? Hamira hula sukari, ikatoa kileo na hewa ya kaboni. Pombe ikiwa pipani, hewa hiyo hutoroka. Basi wapika bia wa majumbani kule Ulaya na Marekani huisubiri pombe imalize kuchacha na kutulia, kisha huitilia sukari kidogo, kama gramu 6 kwa lita, yaani gramu 120 kwa lita 20. Wakishaichanganya, huijaza kwenye chupa safi, wakaziba kwa nguvu na kuiacha wiki mbili hivi. Hamira iliyobaki huamka, hula ile sukari, na hewa ikikosa pa kutokea huingia ndani ya bia yenyewe. Ukizidisha sukari, au ukiziba kabla pombe haijamaliza kuchacha, chupa hupasuka. Si mchezo, vigae vyake hukata watu.

Jambo hili ni la zamani. Mwaka 1662 kilitoka kitabu cha Mwingereza Thomas Fuller, na humo mna habari za Alexander Nowell, mkuu wa kanisa la St Paul's, London, katika karne ya 16. Eti alikwenda kuvua samaki, akaisahau chupa yake ya bia majanini. Siku chache baadaye akaikuta, na alipoifungua ikalia kama bunduki! Labda ni porojo tu. Lakini Desemba ya mwaka huohuo wa 1662, daktari Christopher Merret aliwasomea wanachama wa Royal Society maelezo ya jinsi wafanyabiashara walivyotia sukari kwenye mvinyo ili utoe mapovu. Na chupa za kuhimili kishindo hicho walikuwa nazo, kwa sababu mwaka 1615 Mfalme James wa Kwanza alikataza kuni katika tanuri za vioo. Mafundi wakahamia makaa ya mawe, moto ukawa mkali zaidi, kioo kikawa kigumu. Mwaka 1876 Louis Pasteur akatoa kitabu chake kuhusu bia na vijidudu vyake, na mwaka 1892 William Painter wa Baltimore akapata hataza ya kile kizibo cha bati chenye meno tunachokijua wote.

Sasa tazama maana yake. Bia ya chupa inaweza kungoja. Inaweza kupanda treni, ikahesabiwa kreti kwa kreti na kutozwa kodi. Mbege haingoji. Ndizi mbivu zikishapikwa, zikachanganywa na kimea cha ulezi na uchungu wa gome la msesewe, pombe inanywewa ingali hai, inachacha mbele ya macho yako. Ifunge kwenye chupa uone! Haina haja ya kijiko cha sukari, maana sukari yake haijaisha.

Wakoloni wakaligeuza jambo hilo kuwa ngazi ya watu. Kenya Breweries ilianzishwa Nairobi mwaka 1922, lakini Mwafrika wa Kenya hakuruhusiwa kunywa bia ya chupa mpaka mwaka 1947. Na nyumbani je? Huko nako wanawake waliopika walikamatwa, kwa sababu halmashauri ya mji ilikuwa na ukumbi wake wa pombe pale Pumwani, na mapato yalikuwa yake. Mbinu hiyo ilitoka Durban, ambako sheria ya mwaka 1908 iliipa manispaa haki ya kushika pombe ya Waafrika peke yake. Yaani chupa usiiguse, na chungu chako pia usikiguse.

Tusidhani Wazungu wenyewe waliachwa huru. Uingereza, mpika bia wa nyumbani alihitaji leseni tangu mwaka 1880 mpaka ilipofutwa mwaka 1963. Marekani, marufuku ya pombe ya 1920 hadi 1933 ilipokwisha, bia ya nyumbani ilisahauliwa. Rais Jimmy Carter alitia saini sheria ya kuiruhusu mwaka 1978. Leo kule ni burudani ya watu wenye kazi nyingine.

Kwetu ni ada ya shule. Mama mkubwa wangu, huko Kilimanjaro, alisomesha watoto watatu kwa mbege. Hakuwa na kipimo cha joto wala mizani, lakini alijua kwa harufu tu kama leo iuzwe asubuhi au ingoje jioni. Kuna siku pipa lake lilimwagwa chini na watu waliokuja na karatasi yenye mhuri. Alipanga upya mafiga kesho yake.

Simtetei mlevi, wala gongo inayopofusha watu. Usalama ni haki ya mnywaji. Kenya ilipohalalisha chang'aa kwa sheria ya mwaka 2010, iliweka masharti ya kuipika na kuifunga. Sawa. Lakini mimi nauliza: mama mwenye chungu kimoja atanunua wapi mtambo wa kufungia? Sheria inayodai chupa kwa mtu asiye na kiwanda haijamruhusu kitu, imemhamishia soko mwenye kiwanda.

Na ipo njia nyingine. Chibuku, iliyoanzia Northern Rhodesia katika miaka ya 1950, ilitiwa kwenye katoni badala ya chupa ya kuzibwa, kwa kuwa inaendelea kuchacha. Chombo kilitengenezwa kuifuata pombe. Sasa nyinyi mnaosomea uhandisi, na sisi tunaoshika kalamu, twendeni tukakae na mama zetu wakubwa na daftari mkononi kabla hawajaondoka. Pasteur aliandika yake. Ya kwao bado iko puani mwao.