Mji Usio na Mfalme
Misri ya kale kila kona ni farao. Lakini Mohenjo-daro, mji wa bonde la mto Indus, Pakistan ya leo? Wamechimba tangu miaka ya 1920, na kasri la mfalme, wapi! Walichokuta ni visima, inakadiriwa 700 na zaidi, nyumba zenye bafu, na mitaro ya matofali iliyofunikwa. Miaka 4,500 iliyopita, jameni.

Kuna kisanamu cha mwanamume mwenye ndevu, sentimita 17.5 tu. Wakakibatiza "Kuhani-Mfalme", ati lazima mji uwe na mkubwa. Ushahidi? Hakuna. Maandishi yao nayo bado hayajasomeka. Yakisomeka, mimi ninayenunua maji kwa mtungi nitatafuta kwanza jina la aliyekuwa akizibua ile mitaro.