Jino la Hekima na Maumivu ya Ufizi

Tulipokuwa katika seminari, mwenzetu mmoja wa miaka 21 aliamka asubuhi asiweze kufungua kinywa. Shavu la kushoto limevimba, sikio lamwuma, hata kumeza mate ni taabu. Jana yake alikuwa amekula ndizi alizopewa na mjane mmoja aliyeuza matunda karibu na lango. Ninyi mnaokaa Kivu mwajua neno lililotajwa mara: karuho, ile sumu inayoogopwa na wengi. Kabla ya chakula cha mchana mama yule alikwisha kuhukumiwa, na sisi, twakiri, tulinyamaza.

Kumbe, kisa chenyewe kilikuwa ndani ya kinywa, nyuma kabisa ya taya, ambapo jino la mwisho lilikuwa likitafuta njia ya kutokea.

Jino hilo ni gego la tatu. Mtu aliye nayo yote anayo manne, mawili juu na mawili chini. Mara nyingi huota kati ya miaka 17 na 25, na wengine hawayapati kamwe. Kwa kuwa yanachelewa mpaka mtu ameanza kupata akili, Walatini waliyaita meno ya hekima, nao Waarabu husema gego la akili. Aristotele, mwenye elimu wa Uyunani aliyefariki mwaka 322 kabla ya Kristu, aliandika habari zake katika kitabu juu ya wanyama. Alisema hutoka karibu na mwaka wa 20, tena alisikia habari za wanawake waliopita miaka 80 ambao yaliwatoka mwishoni mwa maisha kwa maumivu makubwa. Hapo alisema vema. (Katika kitabu hicho hicho aliandika pia kwamba wanaume wana meno mengi kuliko wanawake, kosa ambalo kuhesabu kidogo tu kungalitosha kulisahihisha.)

Basi, kwa nini ufizi unauma? Taya ikikosa nafasi, jino hulala upande, ama hutoka nusu tu. Ufizi hubaki juu yake kama kifuniko kisichofunga sawasawa. Chini ya kifuniko hicho huingia mabaki ya bukari na nyuzi za sombe. Mswaki haufiki huko. Vijidudu huzaa, ufizi huvimba, na pengine usaha hutoka. Tena jino la juu huuma nyama ile iliyovimba kila mtu atafunapo. Maumivu hukimbilia sikioni na kooni, hata mgonjwa hawezi kuonyesha kwa kidole mahali hasa panapomwuma. Ndiyo sababu wengine wameng'olewa jino zima, na lenye kosa likabaki.

Wataalamu wengi husema vyakula laini vya siku zetu vimezifanya taya zetu kuwa ndogo, kwani taya ya mtoto hukua kwa kazi ya kutafuna. Lakini taabu hii haikuanza jana. Mwaka 1911, huko Cap Blanc katika nchi ya Ufaransa, ilifukuliwa mifupa ya mtu aliyeishi zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. Mwaka 1926 ilinunuliwa na jumba la makumbusho la Chicago, Marekani. Kwa muda mrefu watu walidhani ni msichana mdogo, maana magego ya mwisho hayakuwa yametoka. Walipoichunguza tena waliona ni mwanamke wa miaka 25 mpaka 35: magego yalikuwapo, ila yamekwama ndani ya taya.

Watu wa kale walitafuta mkosaji mwingine. Tangu Babeli mpaka Ulaya waliamini kwamba funza hukaa katika jino na kulila. Mfaransa Pierre Fauchard, katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1728, alisema ametafuta funza hao asiwaone. Wakristu nao walimkimbilia Mtakatifu Apolonia, ambaye sikukuu yake ni tarehe 9 Februari. Aliuawa Aleksandria mwaka 249. Barua ya askofu Dionisi yasimulia jinsi walivyompiga taya mpaka meno yakamtoka.

Lakini kuomba hakukuzuia koleo kuuma, na hapo ndipo jino la hekima lilipoingia katika historia ya uganga wote. Tarehe 10 Desemba 1844, mjini Hartford, Marekani, mganga wa meno jina lake Horace Wells alikwenda kutazama mchezo. Watu walivutishwa hewa fulani ili wacheke na kurukaruka mbele ya wote. Kijana mmoja aligonga mguu wake vibaya, damu ikatoka, naye hakusikia kitu. Wengine walicheka, Wells alifikiri. Kesho yake akavuta hewa ile mwenyewe, na mwenzake John Riggs akamng'oa jino la hekima lililokuwa likimsumbua. Hakusikia maumivu.

Sisi twaona ushujaa wake ni huu: alianza na kinywa chake, si cha mwingine. Mwezi wa Januari 1845 alikwenda Boston kuonyesha jambo hilo mbele ya wanafunzi wa uganga. Hewa haikutosha, mgonjwa akalia, wakamzomea. Mwaka uliofuata, tarehe 16 Oktoba 1846, William Morton, aliyekuwa mwanafunzi wake, alifaulu mjini humo kwa dawa nyingine iitwayo etha, akapata sifa. Wells alizidi kujijaribia dawa za kulaza mpaka moja ikampotosha akili, na tarehe 24 Januari 1848 alijiua gerezani mjini New York, akiwa na miaka 33. Habari kwamba waganga wa Paris wamemheshimu ilifika alipokwisha kufa.

Siku hizi sindano karibu na mshipa wa fahamu yatosha. Ufizi ukianza kuuma, suuza kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi na usafishe nyuma kabisa. Jino lililosimama vizuri halina haja ya kung'olewa. Tena fizi zikitoa damu kinywani pote, usilisingizie gego la mwisho. Huenda ni uchafu uliogandamana juu ya meno. Lakini homa ikija, kinywa kikikaza, uvimbe ukishuka chini ya taya, ama kumeza na kupumua kukiwa kazi, mpelekeni mgonjwa hospitali siku ile ile. Mjerumani Ludwig alieleza mwaka 1836 uvimbe wa namna hiyo wa shingoni, na hata leo waweza kuua.

Mwenzetu alitibiwa, na uvimbe uliposhuka wakamng'oa lile gego. Alirudi nalo katika karatasi, akatuonyesha chumbani mmoja mmoja. Tulitoka kwenda langoni kumwomba mama yule msamaha. Kibanda kilikuwa kitupu, na majirani walituambia amehama na watoto wake usiku.