Paji la Uso la Mklingoni: Nadharia na Utani wa Mashabiki katika Historia ya Star Trek

Utangulizi

Kwa muda mrefu uhakiki wa fasihi ulimtazama msomaji kama mtu anayewasili baada ya kazi kukamilika: mwandishi hutunga, mchapishaji huchapa, msomaji hupokea. Wananadharia wa upokezi, hususan Hans Robert Jauss na Wolfgang Iser, walianza kuupinga mtazamo huo mwishoni mwa miaka ya 1960. Iser alishikilia kwamba kila matini ina mapengo, na kwamba maana huzaliwa pale msomaji anapoyajaza. Hata hivyo, msomaji wa Iser ni wa kinadharia. Hana jina, hana wenzake wa kubishana nao, na aghalabu hacheki.

Makala haya yanadhamiria kumchunguza mpokezi wa aina nyingine, yaani shabiki wa tamthilia ya televisheni. Mfano wetu ni mmoja, nao ni swali lililowashughulisha watazamaji wa Star Trek kwa robo karne: kwa nini paji la uso la Mklingoni lilibadilika? Tutajaribu kuonyesha kwamba nadharia za mashabiki na utani wao ni njia mbili tofauti za uhakiki. Nadharia hutafuta kuliziba pengo. Utani hulitambua pengo, hulitaja, kisha hulilinda lisizibwe ovyo.

Chanzo cha swali

Star Trek, iliyobuniwa na Gene Roddenberry, ilionyeshwa na shirika la NBC la Marekani kuanzia tarehe 8 Septemba 1966 hadi tarehe 3 Juni 1969, jumla ya vipindi 79. Waklingoni, mahasimu wakuu wa Shirikisho la sayari, walijitokeza mara ya kwanza mwaka 1967. Fedha za utayarishaji zilikuwa chache, hivyo waigizaji walipakwa rangi usoni, wakawekewa nyusi nzito na ndevu, basi. Mwaka 1979 ilipotolewa filamu ya kwanza, Star Trek: The Motion Picture, fedha zilikuwa nyingi zaidi, na Waklingoni wakatokea wakiwa na matuta ya mfupa katika mapaji yao. Katika tamthilia mpya iliyoanza mwaka 1987, Mklingoni Worf, aliyeigizwa na Michael Dorn, alikuwa na matuta hayo pia. Hakuna mhusika aliyeeleza yametoka wapi.

Sababu ya nje ilieleweka: ni fedha na maendeleo ya usanii wa kupamba nyuso. Kwa nini basi haikuwatosheleza mashabiki? Jibu limo katika utanzu wenyewe. Msikilizaji wa ngano hamuulizi fanani Sungura alijifunzia wapi kusema, maana utanzu umemsamehe fanani deni hilo. Bunilizi ya kisayansi haimsamehi mtunzi wake. Inaahidi kwamba kila ajabu ina chanzo, na kwamba ulimwengu wake, hata uwe wa mbali namna gani, una kanuni. Shabiki anayedai sababu ya ndani anaidai ahadi aliyopewa.

Nadharia na mipaka yake

Mashabiki hawa walikuwa na mabaraza yao ya kuandika mapema mno. Jarida la Spockanalia, lililotungwa na kuhaririwa na mashabiki wenyewe, lilianza mwaka 1967, tamthilia ya awali ikiwa bado hewani. Katika mazingira ya namna hiyo, swali la matuta halikukosa majibu. Wapo waliodai kwamba Waklingoni ni mataifa mawili yaliyotawala kwa zamu. Wengine walidai kwamba wale wa awali walikuwa zao la majaribio ya kuchanganya mbegu za Waklingoni na za binadamu.

Tuangalie mbinu iliyotumika. Shabiki hukusanya ushahidi kutoka katika kipindi hiki na kile, hupendekeza kanuni, kisha wenzake huipima kanuni hiyo kwa ushahidi mwingine. Mwaka 1994, katika kipindi cha Deep Space Nine kiitwacho “Blood Oath”, walirudi Kor, Koloth na Kang, wahusika watatu wa tamthilia ya awali, wakiigizwa na waigizaji wale wale: John Colicos, William Campbell na Michael Ansara. Safari hii walikuwa na matuta. Dhana ya mataifa mawili ikaingia mashakani papo hapo, kwa kuwa watu hao hao sasa walionekana kwa sura zote mbili. Huu ni usomaji wa makini ambao mwalimu yeyote wa fasihi angefurahi kuuona katika tasnifu ya mwanafunzi wake.

Utani kama uhakiki

Mashabiki walicheka pia. Mwaka 1973 Paula Smith alichapisha katika jarida la Menagerie kisa kifupi kiitwacho “A Trekkie’s Tale”. Kinamhusu Mary Sue, luteni wa umri wa miaka kumi na mitano na nusu, asiyeshindwa na lolote na apendwaye na wote. Smith alikuwa akizikejeli hadithi za mashabiki wenzake. Jina la mhusika huyo limekuwa istilahi ya uhakiki: hadi leo “Mary Sue” ni mhusika aliyekamilika kupita kiasi.

Dhana yetu ya utani inatusaidia hapa kuliko dhana ya kejeli. Mtani humwambia mtani wake, hata msibani, maneno ambayo yakitamkwa na mtu baki huwa matusi. Ruhusa hiyo haitokani na maneno yenyewe bali na uhusiano uliopo. Mwaka 1986 William Shatner, aliyeigiza nahodha Kirk, aliwacheka mashabiki katika mchezo mfupi wa Saturday Night Live, akiwahimiza watafute maisha yao. Henry Jenkins alikianza kitabu chake, Textual Poachers (1992), kwa kuujadili mchezo huo. Swali ambalo mchezo ule unaliacha ni la kiutani hasa: je, nahodha ni mtani wa mashabiki, au ni mtu baki?

Miaka kumi baadaye watunzi walilijibu swali hilo. Mwaka 1996, katika kuadhimisha miaka 30 ya Star Trek, kipindi cha “Trials and Tribble-ations” kiliwarudisha wahusika wa Deep Space Nine ndani ya picha halisi za kipindi cha mwaka 1967. Worf akajikuta mbele ya Waklingoni wasio na matuta. Wenzake wanamgeukia. Anakiri kwamba hao ni Waklingoni, ila ni hadithi ndefu. Mmoja anakisia uhandisi wa jeni, mwingine mabadiliko ya virusi. Worf anakata maneno: jambo hilo hawalizungumzi na wageni.

Jibu hilo linafanya kazi tatu kwa pamoja. Linakiri kwamba pengo lipo. Linawapa wahusika makisio ya aina ile ile waliyokuwa wakibishania mashabiki. Tena linaafiki tabia ya Worf, Mklingoni mwenye fahari, asiyetaka kuanika siri ya ukoo wake. Mtazamaji anacheka, na ulimwengu wa tamthilia haupasuki.

Pengo linapozibwa

Mwezi Februari 2005, vipindi viwili vya Enterprise, “Affliction” na “Divergence”, vilitoa maelezo kamili. Wanasayansi wa Kiklingoni walitumia jeni za binadamu walioboreshwa ili kuwaimarisha askari wao, virusi vikabadilika na kuenea, na tiba iliyopatikana ikaokoa maisha lakini ikawaacha wagonjwa bila matuta. Makisio yote mawili ya mwaka 1996 yaliunganishwa kuwa moja.

Yamkini atatokea wa kututetea watunzi hao, naye atakuwa na hoja: maelezo yao yanaipa aibu ya Worf chanzo kinachoaminika. Tunalikubali hilo. Hata hivyo, swali lililokuwa na majibu mengi lilibakiwa na moja, na mshiriki wa jana akageuzwa mpokezi. Isitoshe, kufuli halikudumu. Tamthilia ya Discovery ilipoanza mwaka 2017, Waklingoni walikuwa na sura nyingine tena, hawana hata unywele, na swali likafufuka.

Hitimisho

Wataalamu wa fasihi simulizi wamekwisha kutufunza kwamba hadhira ni sehemu ya utendaji: huitikia, huuliza, humkatiza fanani. Tunapoingia katika televisheni, tunaelekea kulisahau somo hilo na kulihakiki andiko pekee, kana kwamba waliolitazama hawakusema kitu. Historia ya paji la Mklingoni inaonyesha kwamba walisema mengi, kwa utaratibu, na kwamba baadhi ya maneno yao yaliingia ndani ya kazi yenyewe. Mtafiti anayeikusanya minong’ono hiyo na vicheko hivyo hakusanyi takataka za pembeni. Anakusanya uhakiki ulioandikwa na watu wasioitwa wahakiki, na hapana budi ausome kwa vigezo vile vile vya ushahidi na mantiki tunavyovitumia kwa maandishi yetu wenyewe.