Louis Martin, Fundi wa Saa na Baba wa Nyumba

Katika mwaka wa jubilei twayakumbuka kwa shukrani majina ya maaskofu, mapadri, mabruda na masista waliotuletea Injili. Ni haki, tena ni wajibu. Lakini mtu akiyasoma majina hayo peke yake aweza kudhani ya kuwa utakatifu ni mali ya watu wa kanzu, na ya kuwa mwenye mke, watoto na karakana ameachiwa makombo. Kwa hiyo nataka kuwasimulia, ndugu wasomaji, na hasa ninyi walimu, habari za mtu aliyefanya kazi ya mikono, akaoa, akazaa, akazika, akaugua, wala hakuwa na cheo chochote katika Kanisa.

Jina lake Louis Martin. Alizaliwa mjini Bordeaux, katika nchi ya Ufaransa, tarehe 22 Agosti 1823. Baba yake alikuwa askari mwenye cheo cha kapteni, na kijana angaliweza kumfuata katika bunduki. Lakini alichagua kazi ya utulivu, ufundi wa saa. Alijifunza katika miji ya Rennes, Strasbourg na Paris. Wenye kuijua kazi hiyo wajua taabu yake: kamani nyembamba, magurudumu madogo yenye meno, na vipande visivyoonekana vema pasipo kioo cha kukuzia. Chembe moja ya vumbi yatosha kuisimamisha saa. Fundi mwenye haraka huharibu kuliko anavyotengeneza.

Mwaka wa 1845, alipokuwa na miaka 22, Louis alipanda milima ya Alpi mpaka nyumba ya watawa wa Mtakatifu Bernardo, wale waliokuwa wakiwaokoa wasafiri waliopotea katika theluji. Akaomba kupokelewa. Mkubwa wa nyumba akamwuliza kama anajua Kilatini. Hakukijua. Akaambiwa arudi kwao, akajifunze kwanza. Louis akaanza masomo hayo, lakini hakuyamaliza. Mwaka wa 1850 akafungua duka la saa mjini Alençon, akaketi mezani pake na kazi yake. Mlango alioutaka ulikuwa umefungwa.

Katika mji uo huo alikuwako msichana aitwaye Zélie Guérin. Yeye naye alitaka utawa, akakataliwa. Basi akajifunza kushona lesi, yaani vitambaa vya nyuzi nyembamba vishonwavyo kwa sindano, ambavyo mji wa Alençon ulisifiwa kwavyo. Akawa na biashara yake mwenyewe na wanawake waliomfanyia kazi. Wakakutana katika mwezi wa Aprili 1858, darajani, wakafunga ndoa usiku wa manane wa kuamkia tarehe 13 Julai mwaka ule ule. Miezi ya kwanza waliishi kama kaka na dada, wakidhani ya kuwa ndivyo wampendezavyo Mungu zaidi. Padri mwungamishi ndiye aliyewafundisha ya kuwa ndoa yenyewe ni njia ya Mungu. Wakatii, wakazaa watoto tisa.

Tuitazame desturi ya nyumba yao. Alfajiri kila siku, mume na mke walikwenda Misa pamoja na wafanyakazi wa mji. Dominika duka lilifungwa. Tukumbuke ya kuwa siku ile ndiyo watu wa mashamba walikuja mjini kununua vitu, na maduka mengine yalikuwa wazi. Rafiki walimwonyesha Louis faida aliyoipoteza. Yeye hakuufungua mlango. Wala hakuwa maskini kwa ajili hiyo. Aliwalipa watu kwa wakati, akawapa wahitaji. Siku moja alimwona kituoni mwa gari la moshi mtu maskini mwenye kifafa, ambaye hakuwa na nauli ya kwenda kwao. Louis akavua kofia yake, akatia fedha ndani, akaipitisha kwa abiria akimwombea yule mtu, mpaka nauli ikapatikana.

Jambo jingine ningependa wanaume wa parokia zetu walifikiri. Mwaka wa 1870 biashara ya lesi ya Zélie ilikuwa imekua sana, na kazi ilimlemea. Louis akauza duka lake la saa kwa mpwa wake, akaingia katika kazi ya mkewe: akaandika hesabu, akasafiri mpaka Paris kuuza na kupokea maagizo. Fundi aliyekwisha kupata jina aliliweka jina lile kando ili mkewe apumue. Wala hakuona ya kuwa amepungukiwa na heshima.

Misiba haikuipita nyumba ile. Louis na Zélie walikuwa wamemwomba Mungu mtoto wa kiume awe padri wa misioni katika nchi za mbali. Wakapata wavulana wawili, wote wawili wakaitwa Yosefu, na wote wawili wakafa kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Kutoka Februari 1867 mpaka Oktoba 1870 walizika watoto wanne. Waliobaki ni mabinti watano: Marie, Pauline, Léonie, Céline, na wa mwisho Thérèse, aliyezaliwa tarehe 2 Januari 1873, ambaye sisi twamwita Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu. Tarehe 28 Agosti 1877 Zélie mwenyewe akafa kwa kansa ya titi, mwenye miaka 45. Teresia alikuwa na miaka minne.

Louis akauacha mji wa Alençon, kazi yake, rafiki zake na kaburi la mkewe, akahamia Lisieux, ili watoto wawe karibu na mjomba wao na mkewe. Huko aliwalea. Jioni aliwasomea vitabu, akacheza nao, kisha wote wakapiga magoti kusali. Mabinti walikua, na mmoja mmoja wakaja kumwomba ruhusa ya kuingia utawani. Pauline akaenda mwaka wa 1882, Marie mwaka wa 1886. Siku ya Pentekoste ya mwaka wa 1887 Teresia, mtoto wa miaka 14, akamwomba naye. Mzee alikuwa amepata kiharusi mwanzo wa mwezi ule. Akalia, kisha akakubali. Akachuma ua dogo jeupe ukutani, likang'oka pamoja na mizizi yake, akampa binti yake. Tena akampeleka mwenyewe kwa askofu, na mpaka Roma mbele ya Papa Leo wa 13, ili apate kibali cha kuingia Karmeli. Aliingia tarehe 9 Aprili 1888.

Hapo ndipo lilipokuja jaribu kubwa. Akili ya mzee ilianza kupotea. Mwezi wa Juni 1888 alitoweka nyumbani, akatafutwa siku kadhaa, akaonekana katika mji wa Le Havre. Tarehe 12 Februari 1889 wakampeleka Bon Sauveur, nyumba ya wagonjwa wa akili katika mji wa Caen, akakaa miaka mitatu. Watu wa Lisieux walinong'ona ya kuwa mabinti zake ndio waliomvunja kwa kumwacha, na maneno hayo yalifika mpaka ndani ya Karmeli, yakawachoma.

Ndugu wasomaji, sisi nasi twajua aibu hiyo. Mgonjwa wa kifua hupelekewa uji na majirani. Mgonjwa wa akili hufichwa chumba cha nyuma, na jamaa zake hutazamwa kwa jicho la pembeni. Louis, saa zile akili ilipomrudia, alisema ya kuwa maisha yake yote alikuwa ameheshimiwa, na ya kuwa alihitaji kunyenyekezwa. Mwaka wa 1892 alirudishwa nyumbani, miguu imekufa. Akapelekwa Karmeli kuwaona binti zake mara ya mwisho; maneno hayakumtoka ila machache, akanyosha kidole juu, ya kuwa wataonana mbinguni. Akafa tarehe 29 Julai 1894, Céline akiwa kando yake.

Mabinti wote watano wakawa watawa. Na ile sala ya kupata padri wa misioni? Mwaka wa 1895 Teresia alianza kumwombea, na mwaka wa 1896 kumwandikia, mseminari mmoja, Maurice Bellière, kama kaka yake wa kiroho. Huyo akawa padri wa shirika la Mapadri Weupe, akatumwa Nyasaland, nchi ambayo leo ni Malawi. Aliugua, akarudi Ufaransa, akafa mwaka wa 1907 katika Bon Sauveur, nyumba ile ile alimolazwa Louis. Na mwaka wa 1927 Papa Pio wa 11 alimfanya Teresia, ambaye hakutoka katika ua wa Karmeli, kuwa msimamizi wa misioni zote pamoja na Mtakatifu Fransisko Ksaveri. Zélie na Louis walikwisha kufa, hawakuyaona hayo.

Tarehe 19 Oktoba 2008 Kanisa liliwatangaza Louis na Zélie kuwa Wenye Heri, na tarehe 18 Oktoba 2015 Papa Fransisko akawatangaza Watakatifu. Sikukuu yao ni tarehe 12 Julai.

Walimu wapenzi, siku hiyo wasimulieni watoto habari za fundi huyu. Na ninyi maseremala, waashi, washona viatu na washona nguo wa parokia zetu, mnapofunga milango yenu Jumamosi jioni, mwombeeni mgonjwa wa nyumba yenu, au wa nyumba ya jirani, ambaye watu hawapendi kulitaja jina lake. Kisha, ikiwezekana, nendeni mkamsalimu.