Taka za Kielektroniki: Zinaanzia Wapi?

Istilahi taka za kielektroniki inahusu vifaa vyote vinavyotumia umeme au betri, pamoja na sehemu zake, ambavyo mwenyewe ameviacha bila nia ya kuvitumia tena. Friji imo, pasi imo, feni imo, hata midoli ya betri. Hapo jina hili lililozoeleka linapwaya, kwa sababu neno kielektroniki humpeleka msomaji moja kwa moja kwenye simu na kompyuta. Taka za umeme na elektroniki ni jina refu, lakini halimwachi mtu akidhani friji yake mbovu haihusiki.

Neno zito zaidi ni taka. Mkataba wa Basel wa 1989, unaodhibiti usafirishaji wa taka hatari kati ya nchi, na ule wa Bamako wa 1991 ambao nchi za Afrika ziliuandika ili kupiga marufuku uingizaji wa taka zenye sumu barani, yote miwili inategemea jibu la swali moja: hiki ni taka au ni bidhaa? Kompyuta iliyokufa ikiandikwa mtumba kwenye hati za kontena, inashushwa bandarini kama mali.

Nyingi za namna hiyo ziliishia kwenye uwanja wa skrepa wa Agbogbloshie, jijini Accra. Vijana, wengi wao wakiwa wametoka kaskazini mwa Ghana kutafuta riziki, walichoma nyaya ili plastiki iteketee ibaki shaba. Plastiki ya PVC ikiungua hivyo hutoa dioksini, sumu inayodumu miaka na kujikusanya katika mafuta ya viumbe. Mwaka 2019 mashirika ya mazingira ya IPEN na Basel Action Network yalichapisha vipimo vya mayai ya kuku waliokuwa wakidonoa eneo hilo: mtu mzima akila yai moja tu, anapita mara 220 kiwango cha dioksini ambacho mamlaka ya chakula ya Ulaya iliruhusu kwa siku. Serikali ilibomoa uwanja huo wa skrepa Julai 2021, na uchomaji ukahamia mitaa mingine.

Ulimwengu ulizalisha tani milioni 62 za taka hizi mwaka 2022, na hata robo yake haikuthibitishwa kuwa ilikusanywa na kurejelezwa ipasavyo.

Hata hivyo nisingependa istilahi hii itumiwe ovyo. Fundi simu wa Kariakoo haiiti taka simu iliyozima. Anaiweka kwa ajili ya spea, na ana haki. Kosa linatendeka mbali naye, kwenye bandari vifaa vinakopakiwa. Tangu 1 Januari 2025 Mkataba wa Basel unadai nchi inayopokea itoe idhini kwanza kwa taka zote za aina hii, ziwe na sumu au zisiwe nayo, lakini hilo linamfunga tu aliyekiri kwamba anasafirisha taka. Kwa hiyo kamusi na kanuni zetu zitamke wazi: kifaa kinachopakiwa melini bila kupimwa kama kinafanya kazi ni taka tangu bandarini kinakotoka, na gharama ya kukirudisha ni ya aliyekipakia.